Maro, sewa au gade? Njia tatu za kumkabidhi mtu majaruba yako katika kijiji cha Wasunda

Baba mkwe alipofariki aliacha nyumba ya mbao na mianzi, bwawa la samaki nyuma ya jiko, na tumbak 350 za majaruba yanayoshuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni, huko Garut, Java Magharibi. Tumbak ni kipimo cha Wasunda, wenyeji wa huko, kama mita 14 za mraba, kwa hiyo shamba zima halifiki nusu hekta. Indonesia mkulima wa chini ya nusu hekta huitwa petani gurem, na gurem ni utitiri wa kuku. Basi utitiri huo ndio uliosomesha watoto watatu.

Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Ema, mgongo haumruhusu tena kuinama kupandikiza. Shemeji mkubwa yuko kiwandani Bekasi, mimi na mke wangu tuko Bandung, na mdogo wao wa mwisho yuko pale kijijini lakini riziki yake ni ojek, yaani bodaboda. Baada ya kisomo cha arobaini tuliketi mkekani kushauriana. Wao huita musyawarah, na msemaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo hulitambua mara moja, kama atakavyotambua waris, hibah, wasiat na wakaf. Hoja ilikuwa moja: nani atalima, na kwa masharti gani?

Kuuza hakukujadiliwa. Ema alilifunga jambo hilo kabla chai haijamiminwa: “Sawah mah ulah dijual.” Shamba la mpunga lisiuzwe. Zikabaki njia tatu ambazo kila Msunda mwenye majaruba anazijua.

Maro inatokana na paro, nusu. Unampa mtu shamba alime, mavuno mnagawana nusu kwa nusu. Sewa ni kukodisha: mlimaji anakulipa fedha, mara nyingi kabla hajatia jembe, na mavuno yote ni yake. Gade ni rehani. Unachukua fedha au dhahabu, aliyekupa anashika shamba na kula mazao yake mpaka siku utakapomrudishia alichokupa.

Naandika kwa Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa huku na ambao siku moja watajikuta kwenye mkeka kama ule. Naamini pia mwenye mpunga wake Kyela, Kilombero au Mwea ataona humu mambo anayoyajua.

Vigezo

Mkekani kila mtu alianza na hesabu ya magunia. Mimi nadhani magunia ni swali la pili. La kwanza ni hili: mavuno yakiharibika, nani analala njaa? Baada ya hapo ndipo uulize fedha zinaingia lini, shamba linarudi vipi mkononi mwako, karatasi zinasemaje, na majirani watakuonaje. Nitazipitisha njia zote tatu kwenye maswali hayohayo matano.

Tahadhari moja. Kuna vijiji vya Wasunda ambako ulinganisho huu hauna kazi. Kwa watu wa kasepuhan, yaani jumuiya ya kimila, ya Ciptagelar, kwenye milima ya Sukabumi, mpunga hupandwa mara moja kwa mwaka, huvunwa kwa etem, kisu kidogo kinachokatia suke moja moja, hufungwa mafungu na kuwekwa kwenye ghala liitwalo leuit. Kuuza mchele huko ni mwiko. Mimi nazungumzia kijiji cha kawaida, chenye mbegu za muda mfupi, misimu miwili au mitatu kwa mwaka, na mchuuzi wa mpunga anayekuja na lori.

Nani anabeba hasara?

Tuchukue mfano wa hesabu. Java shamba zuri la umwagiliaji hutoa kama tani 5 za mpunga mkavu kwa hekta, kwa hiyo tumbak 350 tuzipe kilo 2,400 kwa msimu. Kulima, mbegu, mbolea na ujira wa kuvuna tuvihesabu kama kilo 800. Kwa maro ya kutoa gharama kwanza zinabaki 1,600, yaani 800 kwa kila upande. Sasa waingie panya, au wereng, yule mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza shina mpaka jaruba zima linakuwa kama limeunguzwa. Yakivunwa 1,200 tu, gharama zikatoka zilezile 800, zinabaki 400. Ema anapata 200 na mlimaji 200. Wote wawili wameumia, na wote wanaona kwa macho yao kwamba wameumia pamoja.

Kwa sewa tuseme mmepatana fedha za thamani ya kilo 600 kwa msimu. Panya waje, wasije, mwenye shamba ana 600 zake. Mwaka mzuri amepungukiwa 200 ukilinganisha na maro, mwaka mbaya amezidi 400. Hasara yote iko mgongoni mwa mlimaji, na mlimaji huyo mara nyingi ni jirani yako ambaye naye ni utitiri kama wewe.

Kwa gade hasara ya msimu ni ya aliyeshika rehani. Ila mwenye shamba anabeba hasara ya aina nyingine: misimu yote hiyo, mizuri na mibaya, yeye hali chochote kutoka shambani kwake.

Maro ina udhaifu wake, nao ni mizani. Unahitaji mtu wa kuwepo siku ya mavuno. Msimu wa kwanza baada ya msiba miche ilikuwa tayari kitaluni, basi jirani mmoja ambaye watoto wa kwetu humwita Mang, yaani ami, akaimalizia kwa maro. Siku ya kupura Ema aliketi kwenye saung, kibanda cha shambani, na daftari la shule mapajani. Wanaume wawili walibeba mti wa mwanzi mabegani, mizani ikaning'inia katikati, gunia likapandishwa, mtu akasoma kilo kwa sauti. Ema akaandika kilo, kisha pembeni akachora kijiti. Kijiti cha tano anakilaza juu ya vinne. Hakuna aliyemshuku Mang, na Mang mwenyewe ndiye aliyemwomba aje, maana bila daftari lile maneno ya watu yasingemwacha. Swali ni kwamba Ema asipoweza kufika, nani atachora vijiti?

Pia kuna zakati. Huku nisabu huhesabiwa kilo 653 za mpunga, na zakati ni asilimia 5 kwa shamba la kumwagilia kwa gharama, 10 kwa la mvua. Itolewe kabla ya kugawana au kila mtu atoe kwenye fungu lake? Semeni kabla ya kupandikiza. Niliona ndugu wawili wakinuniana kwa jambo hili tu.

Fedha zinaingia lini?

Sewa: mwanzoni. Maro: baada ya miezi minne hivi, na haziji kama fedha, zinakuja kama magunia. Gade: leo hii, na kwa wingi kuliko zote.

Mtu wa mjini huona magunia ni usumbufu. Ema haoni hivyo. Nyumba ya Kisunda ya zamani ina goah, chumba kidogo kando ya jiko ambacho ni cha wanawake peke yao, na humo hukaa mchele kwenye mtungi. Wasunda kama sisi hawana neno moja la mmea huu. Ukiwa shambani ni pare, ukishapurwa ni gabah, ukikobolewa ni beas, ukipikwa ni sangu. Mwenye maro anazo zote nne nyumbani kwake. Mgeni akija anapika, jirani akifiwa anapeleka kikapu, mjukuu akirudi Bandung anabeba kilo tano. Fedha ya sewa huingia Jumatatu, na Ijumaa imekwisha kwenye madeni ya duka.

Gade nayo ina siku zake. Mtoto kalazwa, harusi imekaribia, au binti anataka nauli na gharama za wakala kwenda kazi za ndani ng'ambo. Wanawake wengi wa Cianjur na Sukabumi wamepita njia hiyo hadi Saudi Arabia, na dada zetu walioko Riyadh na Jeddah wamefanya kazi nao nyumba kwa nyumba. Majaruba huwekwa gade ili binti aondoke, na mshahara wa binti ndio unaotarajiwa kuyakomboa. Mshahara ukifika kwa wakati, mpango ni mzuri. Usipofika, familia haina binti na haina shamba.

Shamba linarudi vipi?

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

Sewa inarudi kwa tarehe: msimu umekwisha, mlimaji ametoka. Shida ni hali ya udongo. Mlimaji wa msimu mmoja hana sababu ya kurekebisha galengan, zile kingo za jaruba, wala kurudisha mabua ardhini. Mkodishie mtu miaka mitatu uone anavyozishika kingo kama zake.

Maro inarudi kwa maneno, na maneno yana uzito wake. Mtu aliyelima kwa maro miaka kumi, mtoto wake akakulia kwenye saung yako, humwambii mwezi huu “basi”. Wengi wanaona huo ni udhaifu wa maro. Mimi naona ni haki ya mlimaji, na anayeingia maro aingie akijua hivyo.

Gade inarudi kwa dhahabu. Watu hupenda kuihesabu kwa gramu ili thamani isiliwe na mfumuko wa bei: ulichukua gramu 20, utarudisha gramu 20. Bei ya dhahabu ikipanda, rehani imepanda pia, lakini mpunga wako haukupanda nayo. Mwaka unapita, wa pili, wa tano. Linalotokea mara nyingi, na linaloniumiza nikiliona, ni hili: mwenye shamba anamwendea aliyeshika rehani na kumwomba alime yeye, kwa maro. Anakubaliwa. Basi mtu anapandikiza jaruba la baba yake, anapalilia, anavuna, na nusu anampelekea mwingine, na deni halijapungua hata gramu moja.

Wachache kijijini wanajua kwamba sheria iko upande wake. Sheria namba 56 ya mwaka 1960, kifungu cha 7, inasema rehani ya shamba la kilimo iliyofika miaka 7 hurudishwa kwa mwenyewe bila malipo yoyote, mazao yaliyomo yakishavunwa. Kabla ya hapo deni hupungua mwaka hadi mwaka. Unachukua saba na nusu, unatoa miaka iliyopita, unagawa kwa saba, unazidisha kwa ulichokopa. Gramu 20 baada ya miaka minne: saba na nusu kutoa nne ni tatu na nusu, ukigawa kwa saba ni nusu. Unadaiwa gramu 10. Mantiki yake ni kwamba aliyeshika shamba ameshajilipa kwa mazao. Lakini aliyekupa gramu 20 siku mtoto wako alipokuwa taabani, nani ana uso wa kumpelekea 10? Watu huona haya, nami siwalaumu. Nasema tu kwamba mjue kabla ya kuandikiana, mpatane mapema kwa hesabu hiyo, ili haya isiwepo baadaye.

Wapo pia wanaoikataa gade kwa dini, kwa kuwa mkopeshaji ananufaika na mkopo. Wazee wa Unguja na Pemba watakumbuka mabishano kama hayo juu ya mashamba ya mikarafuu yaliyouzwa kwa sharti la kurudishwa. Anayesumbuliwa na jambo hili amwone ajengan wake, yaani sheikhe wa kijiji, kabla ya dhahabu kubadilisha mikono.

Karatasi

Sheria ya msingi ya ardhi, namba 5 ya 1960, iliziita njia zote tatu haki za muda na kukusudia zifutwe baada ya muda mfupi. Zaidi ya miaka 60 baadaye bado ndizo zinazolisha vijiji.

Maro ina sheria yake, namba 2 ya 1960. Mkataba uandikwe mbele ya mkuu wa kijiji, muda usipungue miaka 3 kwa majaruba na 5 kwa shamba kavu, na shamba likiuzwa maro haivunjiki. Kwa vitendo nyingi ni za mdomo. Sewa na gade huandikwa kwenye risiti yenye stempu, mashahidi wawili, basi. Hilo ni afadhali kuliko hewa, ila karatasi ya gade isiyotaja ukubwa wa shamba, mipaka, gramu na tarehe ni ugomvi uliohifadhiwa kabatini.

Angalia pia una nini mkononi kuhusu umiliki wenyewe. Mashamba mengi bado yana girik au dondoo ya letter C tu, ambayo asili yake ni kumbukumbu ya kodi na si hati. Serikali imekuwa ikiandikisha ardhi kijiji kwa kijiji chini ya mpango wa PTSL tangu 2017. Kama kijiji chenu kimefikiwa, pata sertifikat, yaani hati ya ardhi, kwanza, gade baadaye.

Kwetu kulikuwa na jambo jingine. Kanuni ya 1961 hairuhusu mtu anayeishi mbali, nje ya kecamatan (kama tarafa) na zile zinazopakana nayo, kumiliki shamba la kilimo ndani yake, na mrithi hupewa mwaka mmoja ajipange. Haifuatwi sana, lakini ipo. Kwa hiyo tulikubaliana majaruba yabaki kwa Ema na shemeji mdogo anayeishi hapo. Mkusanyiko wa sheria za Kiislamu wa 1991 unawaruhusu warithi kupatana mgawo mwingine, mradi kila mmoja ameshajua fungu lake. Tulianza kwa kila mtu kuambiwa fungu lake, kwa sauti, ndipo tukapatana.

Ujirani

Katika maro na gade mlimaji huwa mtu wa hapo. Waliopandikiza na kupalilia ndio huitwa kuvuna na kupata fungu lao, na yako maeneo ambako wanawake hupandikiza bila ujira kabisa ili tu wasikose haki hiyo ya mavuno, huitwa ceblokan. Sewa inaweza kuleta mtu wa nje, naye huuza mpunga ungali umesimama kwa mchuuzi, mchuuzi anakuja na wavunaji wake mwenyewe, na wale akina mama waliozoea kulitegemea jaruba lako wanasimama kwenye galengan wakitazama. Si kila sewa iko hivyo. Lakini ukikodisha, sema kwenye mapatano kwamba wavunaji ni wa kijijini.

Kwa hali yako

Kama kuna mzee nyumbani anayekula mchele wa shamba hilo, na yuko mtu wa kusimama penye mizani, maro ndiyo inayomfaa. Inamfaa pia mlimaji asiye na mtaji.

Kama wote mko mbali na hakuna wa kuhesabu magunia, sewa itawapunguzia shaka. Toeni miaka miwili mitatu, si msimu mmoja mmoja, na mlimaji awe mtu mwenye akiba ya kustahimili mwaka mbaya. Kumkodishia maskini kwa fedha ya kukopa ni kumhamishia njaa.

Kama fedha nyingi zinahitajika wiki hii, na njia ya kuzirudisha inaonekana kwa jina na tarehe, gade ni bora kuliko kuuza, kwa kuwa mlango wa kurudi uko wazi. Weka rehani sehemu ya shamba, si lote. Kama njia ya kurudisha ni matumaini tu, jaribu kwanza sewa ya miaka kadhaa kwa malipo ya mkupuo. Kiasi ni kidogo, lakini shamba linarudi kwa tarehe hata usipokuwa na kitu.

Kama wewe ni raia wa Tanzania, Kenya au nchi nyingine uliyeoa au kuolewa huku, jua kwamba hak milik, umiliki kamili, ni ya raia wa Indonesia peke yao. Shamba alilorithi mwenzako ni lake na ndoa haimnyang'anyi. Mkitaka kununua lingine bila mapatano ya kutenganisha mali, hapo mtakwama. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016 mapatano hayo yanaweza kufanywa hata ndoa ikiwa inaendelea, kwa hiyo nendeni kwa mthibitishaji kabla ya kumlipa mtu hata rupia.

Sisi tuligawanya. Tumbak 200 za juu, karibu na nyumba, anazo Mang kwa maro, na daftari la Ema sasa analishika shemeji mdogo siku za mavuno. Zile 150 za mtoni, ambako maji hupanda kila masika, tumemkodishia kwa miaka mitatu kijana mmoja mwenye trekta dogo la mkono, na fedha zake zimeezeka paa la jikoni. Mwaka huu Ema alitutumia Bandung kilo kumi za mchele wa jaruba la juu, kwenye mfuko wa mbolea uliofuliwa.